Tisa Si Kumi na Moja

Siku hiyo mjinga alikuwa Fundi. Ni vizuri tuliseme mapema, ili msomaji asihangaike kumtafuta. Si kwamba alikuwa mjinga kila siku. Siku nyingine alikuwa mtu mwerevu tu, na cherehani yake haikukosa kazi. Lakini ujinga hauna ratiba. Ukikukuta umetulia, unaingia bila hodi na kuvuta kiti.

Duka lake la kushona lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Ndani kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia, pasi, na kopo kubwa la vifungo. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake kutwa nzima. Mkewe alisema siku moja atakwenda nayo kuoga.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Watu walimwita Mama Sufuria, naye hakukasirika. Kila asubuhi aliwasha kuni na kupika uji wa shule nzima. Jiko lile halikuwa na bomba la kutolea moshi. Moshi ulizunguka humo humo, kama mgeni asiyejua kuaga. Mpishi mwenzake alikuwa ameacha kazi kwa sababu ya macho. Yeye mwenyewe alikuwa na kikohozi kisichosikia dawa.

Mwaka huo chama chao kilikuwa kinatafuta mgombea wa urais. Watu watatu waliomba nafasi hiyo. Mmoja alikuwa mhandisi, mmoja daktari, mmoja wakili. Watu waliwaita hivyo hivyo: Mhandisi, Daktari, Wakili. Wanachama wa kila mkoa walipiga kura. Kwa kura hizo walipatikana wajumbe wa kwenda mkutano mkuu. Huko ndiko jina moja lingeteuliwa.

Tawi lao lilimchagua Mama Sufuria kuwa mjumbe. Lilimtuma akampigie Daktari kura.

Yeye mwenyewe alimtaka Daktari. Daktari, naye mwanamke, alipopita kuomba kura, aliingia jikoni shuleni. Hakusimama mlangoni kama wageni wengine. Aliingia hadi kwenye moshi, akakohoa, akafuta macho, akauliza, "Humu mnakaa kutwa?" Alipojibiwa ndiyo, alisema mbele ya watu wote kwamba akipewa nchi, kila jiko la shule litapata bomba la moshi. Kwa hiyo kwa Mama Sufuria kura ile haikuwa ushabiki. Ilikuwa kifua chake.

Sasa turudi kwa mjinga wetu.

Jirani yake wa duka alikuwa Kinyozi. Kinyozi alinunua gazeti kila siku na kulisoma kwa sauti. Wateja wake walimkubalia kila jambo, maana mtu mwenye wembe shingoni habishani. Siku hiyo alivuka kuja kwa Fundi, gazeti mkononi.

"Umeona? Mhandisi anaongoza. Mikoa yote imemaliza kupiga, na yeye ndiye mwenye wajumbe wengi."

"Anaongoza sana?"

"Daktari yuko nyuma. Wakili ndiye wa mwisho kabisa. Mambo yamekwisha, Fundi. Mkutano mkuu ni wa kula na kupiga picha tu."

Fundi alisimamisha cherehani. Kwenye meza yake kulikuwa na rundo la skafu za chama. Katibu wa tawi ndiye aliyempa kazi hiyo. Alimwambia, "Shona pindo, acha nafasi ya jina. Jina tutaliweka baada ya mkutano mkuu."

Lakini Fundi alijiuliza, ya nini kusubiri? Kudarizi jina ni kazi ya polepole. Baada ya mkutano kila mtu atataka skafu yake siku hiyo hiyo. Akaanza kudarizi: MHANDISI. Herufi nzuri, uzi wa dhahabu. Hadi jioni rundo lote lilikuwa limeshapata jina.

Wahenga walisema usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Fundi aliufahamu vizuri msemo huo. Aliwaambia wateja kila mwezi. Ila msemo ni kama mwavuli. Mara nyingi unamwazima mwenzio halafu wewe unalowa.

Jioni, mkewe alikuwa anaosha vyombo. Fundi alikaa kwenye kigoda karibu naye.

"Mama, hii safari ya mkutano mkuu, unaitaka kweli?"

"Nimetumwa. Kutaka na kutotaka kumetoka wapi?"

"Mtu wako yuko nyuma. Kinyozi amenisomea gazeti. Utasafiri siku nzima kwenda kupoteza kura. Na kikohozi hicho."

"Kikohozi hiki ndicho kinachonipeleka."

"Sikatai. Lakini wengi wameshaamua. Mtu mmoja atafanya nini?"

Mama Sufuria aliendelea kusugua sufuria. Ilikuwa sufuria yenye masizi ya zamani, ile isiyotakata hata uiahidi nini. Alikuwa amechoka. Shuleni nako mkuu wa shule alikuwa ameuliza nani atapika siku atakapokuwa safarini.

"Labda," alisema mwishowe. "Labda ni kweli. Sijui."

Hapo ndipo Fundi alipojihesabia ushindi. Kwa mume anayetaka jambo lake, "labda" ya mke ni "ndiyo" iliyovaa kanga. Asubuhi, kabla hata ya kufungua duka, alimpigia simu Katibu.

"Shemeji, Mama Sufuria hatakwenda mkutanoni. Kata jina lake kwenye orodha."

"Amekuambia hivyo yeye?"

"Mimi na yeye ni kitu kimoja."

"Haya," alisema Katibu. "Mchana nitapita kujaribu koti langu."

Fundi alirudi kwenye cherehani akipiga mluzi. Kama kulikuwa na sauti ndani yake iliyomuuliza kwa nini hasa anataka mkewe abaki, aliizima kwa pedali. Ukweli wenyewe ulikuwa mezani, umedariziwa kwa uzi wa dhahabu. Alikuwa ameshashona nguo, sasa alitaka mwili uifuate.

Mchana, Katibu alifika. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, aliyekuwa rafiki wa Mama Sufuria tangu ujana wao. Fundi alimvisha koti lenye pini na kuanza kupima mikono. Mara Mama Sufuria naye akaingia, ametoka shuleni, kanga ikinuka moshi.

"Mdogo wangu," Katibu alimwambia, "nasikia umejitoa kwenye mkutano mkuu."

Mama Sufuria alisimama.

"Nimejitoa? Nimemwambia nani?"

Fundi alianza kutafuta pini chini ya meza. Ilikuwa pini ngumu sana kuonekana.

"Baba watoto," alisema mkewe polepole. "Toka huko chini."

Fundi alitoka.

"Ulisema labda," alijitetea.

"Nilisema labda kwa sababu nilikuwa nafikiri. Wewe umeipokea ikiwa njiani, ukaenda nayo kwa Katibu."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Fundi. Mkewe akigomba, jambo huisha na chai. Akisema polepole namna hiyo, hata paka wa nyumbani hutafuta pa kulala.

"Watu wa tawi waliinua mikono juu yangu," aliendelea. "Wapishi wenzangu walikuja kunipongeza. Nikibaki, nitawaambia mume wangu alipiga simu?"

Fundi aliangalia futi yake. 

"Niseme jambo la kwanza," alisema Katibu, mikono imenyooka ndani ya koti la pini kama sanamu ya kutishia ndege shambani. "Jina lako sijalikata, mdogo wangu. Nafasi ya mjumbe ni ya mjumbe mwenyewe. Si ya mumewe, si ya mwanawe, si ya mwenyekiti. Anayeweza kujitoa ni yeye, kwa mdomo wake, mbele yangu. Kwa hiyo nimekuja kukusikia wewe."

Mama Sufuria alikaa kwenye benchi la wateja.

"Basi nijibu kwanza, dada. Huyu kakosea kupiga simu, na hilo nitalimaliza naye nyumbani. Lakini alichosema je? Mtu aliye nyuma anaweza kweli kuteuliwa? Au naenda kupiga makofi?"

Fundi aliona nafasi ya kujiokoa. "Gazeti limesema..."

"Gazeti limesema anaongoza," Katibu alimkatiza. "Limesema ameteuliwa?"

"Hapana. Lakini si ni kitu kimoja?"

"Nivue koti nikuonyeshe. Lete kopo lako la vifungo."

Katibu alimwaga vifungo mezani, akachagua ishirini. Tisa vyeusi, saba vyeupe, vinne vyekundu.

"Tuseme wajumbe wote ni ishirini. Ukumbini watakuwa wengi zaidi, lakini mgawanyo ni kama huu. Vyeusi ni wa Mhandisi. Vyeupe ni wa Daktari. Vyekundu ni wa Wakili. Nani anaongoza?"

"Mhandisi," alisema Fundi. "Ana tisa."

"Vizuri. Sasa katiba ya chama chetu inasema ili uteuliwe, upate zaidi ya nusu ya kura za mkutano mkuu. Haisemi uwe mbele ya wenzako. Inasema zaidi ya nusu. Nusu ya ishirini ni ngapi?"

"Kumi."

"Zaidi ya nusu?"

"Kumi na moja."

"Mhandisi ana kumi na moja?"

Fundi alihesabu vifungo vyeusi. Halafu, kwa kuwa hakupenda jibu, alivihesabu tena. Vilikuwa tisa vile vile.

"Hana," alikubali.

"Basi duru ya kwanza kila mjumbe anampigia yule aliyetumwa kumpigia. Kama hakuna aliyevuka nusu, wa mwisho anatoka. Hapa ni Wakili. Inakuja duru ya pili, watu wawili tu, na hiyo kila mjumbe anapiga kwa siri, kwa jinsi dhamira yake inavyomwambia. Sasa niambie, shemeji. Hivi vinne vyekundu vitakwenda wapi?"

Fundi alivisukuma taratibu kwa kidole, akavipeleka kwa vyeusi. "Kumi na tatu. Mhandisi ameshinda."

"Inawezekana. Sasa virudishe, uvipeleke kwa vyeupe."

Alivipeleka. Mama Sufuria alikuwa ameshainuka kwenye benchi. Alihesabu yeye, kwa sauti ya chini.

"Kumi na moja."

Fundi alikivuta kimoja chekundu kwa kidole.

"Na kimoja kikiasi, kikaenda kwa vyeusi?" aliuliza Fundi.

"Kumi kwa kumi. Hakuna aliyevuka, wanarudia kupiga. Umeona uzito wa kifungo kimoja? Na wewe ulitaka kukiacha nyumbani."

Mama Sufuria alishika kifungo kimoja cheupe. "Kwa hiyo Daktari atashinda?"

"Sikusema hivyo," alijibu Katibu. "Mimi sipigi ramli. Aliye nyuma ana kazi kubwa kuliko aliye mbele. Lazima awapate karibu wale wote wanaobaki bila mtu. Mara nyingi hawapati. Nimesema mlango haujafungwa, basi. Na hii ni katiba ya chama chetu. Vyama vingine vina taratibu nyingine. Kuna ambako anayeongoza tu anachukua, hata kwa kura moja. Ndiyo maana mtu asome katiba ya chama chake, asisomewe na kinyozi."

"Na wewe unamtaka nani?" Fundi alimchokoza.

"Mimi ni katibu. Kwenye kazi hii sina mgombea. Nina orodha ya wajumbe na kiatu kinachonibana." Kisha macho yake yakatua kwenye rundo la skafu. Alichukua moja, akaikunjua. Herufi za dhahabu zikang'aa.

Mama Sufuria alisogea, akalisoma jina.

"Loo," alisema Mama Sufuria. "Kumbe safari yangu imezuiwa na skafu."

Fundi angeweza kudanganya. Alikuwa na uongo mzuri tayari, umepigwa na pasi. Lakini alimwona mkewe akikohoa ndani ya kanga yake, akakumbuka lile jiko. Aliwahi kuingia humo siku moja, akatoka mbio.

"Nilikuwa nimeshadarizi," alisema. "Nikaona Daktari akishinda, kazi yangu itaharibika. Ndiyo, nilikuzuia kwa sababu hiyo. Nisamehe, mama."

 Mkewe alimgeukia Katibu.

"Mimi naenda, dada. Andika hivyo."

"Hakuna cha kuandika. Hukuwahi kutoka."

Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe utafumua."

Fundi alifumua. Kudarizi ni kazi ya mikono, kufumua ni kazi ya roho. Alikata uzi mmoja mmoja kwa ncha ya wembe, akihofia kutoboa kitambaa. Kinyozi alipita akamcheka.

"Unafumua nini? Mtu wako anashinda."

"Akishinda nitadarizi tena. Tisa si kumi na moja."

"Tisa gani?"

"Kaa nikuonyeshe," alisema Fundi, akavuta kopo la vifungo. Kinyozi alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema vifungo havipigi kura.

Mama Sufuria alisafiri na wajumbe wenzake. Mkuu wa shule alipata mtu wa kushika jiko, kijana mmoja mwenye mbwembwe. Kufika saa nne alikuwa nje anavuta hewa, akisema sasa anaelewa.

Siku ya mkutano, redio ya Fundi ilikuwa wazi tangu asubuhi. Mteja aliyetaka suruali yake alipewa suruali ya mwingine. Mtangazaji alisoma matokeo ya duru ya kwanza: Mhandisi wa kwanza, Daktari wa pili, Wakili wa tatu. Hakuna aliyevuka nusu. Wakili ametoka.

"Si nilikwambia? Mhandisi wa kwanza," alisema Kinyozi kutoka mlangoni.

"Wa kwanza, ndiyo," alisema Fundi. "Hajavuka."

Wakati redio ikipiga muziki, huko ukumbini Mama Sufuria alikuwa kwenye foleni ya chakula. Mbele yake walisimama wajumbe wawili wa Wakili, wamenuna kama watu waliofiwa. Hakuwaomba kura. Aliwauliza tu kwao watoto wanakula nini shuleni na nani anapika. Mmoja akasema mama yake ndiye mpishi, na amekuwa haoni vizuri. Basi wakazungumza juu ya moshi mpaka foleni ikafika mwisho. Aliwaeleza alichosikia kwa Daktari siku ile jikoni. Mmoja akasema Mhandisi naye amewaahidi barabara, na barabara nayo ni kitu. Mama Sufuria akakubali kwamba ni kitu. Wakaagana kwa heshima. Duru ya pili ilikuwa ya siri, na hadi leo hajui wale wawili walimpigia nani.

Jioni mtangazaji alirudi. Alivuta pumzi, kama wanavyofanya watangazaji wakitaka kuwatesa watu. Kisha akasoma. Daktari alikuwa amevuka nusu. Amevuka kidogo, lakini amevuka. Mhandisi alipanda jukwaani, akamshika mkono, akawaambia watu wake wamuunge mkono mwenzake.

Fundi alikaa juu ya rundo la skafu. Hakushangilia. Alijikuta anafikiria ile simu yake ya asubuhi, na jinsi alivyopiga mluzi baada ya kuikata.

Kesho yake Katibu alikuja kumwambia sasa aweke jina. Fundi akadarizi DAKTARI, herufi nzuri zile zile. Mteja mmoja mwenye furaha alimtaka aongeze na neno RAIS mbele.

"Jina nitaweka," Fundi alimwambia. "Hilo la mbele tuwasubiri wananchi. Chama kimeteua mgombea tu. Nchi nzima bado haijapiga kura."

Mama Sufuria aliporudi, wapishi walimpokea kituoni. Mkuu wa shule naye, baada ya kumsikia Daktari redioni akitaja moshi wa majiko ya shule, aliona aibu kungoja uchaguzi. Aliwaita wazazi, wakakubaliana kutoboa ukuta wa jiko na kuweka bomba la bati. Halikuwa bomba la maana sana. Lakini moshi ulijifunza kuaga.

Kinyozi hakuwa mtu wa kukubali kirahisi. Jioni moja aliwakuta mume na mke dukani, Fundi akipiga pasi, mkewe akishona vifungo.

"Shemeji," alisema, "tuseme kweli. Ile ilikuwa bahati. Wale wa Wakili wangegeukia kwa Mhandisi, ungekuwa umesafiri bure. Kura yako ingepotea, na mumeo angekuwa sahihi."

Fundi alifungua mdomo, kisha akaufunga. Alikuwa ameshajifunza nani wa kujibu.

Mama Sufuria alikata uzi kwa meno, akamtazama Kinyozi.

"Ningeshindwa, shemeji, lakini ningeshindwa nimehesabiwa. Kura inayopotea ni ile inayobaki nyumbani ikiosha vyombo."